Bomba Lisilo na Pampu

Kazi ya kumsubiri baba mkwe wangu ajambe nilipewa mimi. Sikuiomba. Kikao cha familia kilikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, mume wangu, wifi yangu na mimi, na kabla sijafungua mdomo shauri lilikuwa limeshakatwa. Mume wangu ni fundi bomba na alikuwa na jengo la ghorofa nne la kukabidhi mwisho wa mwezi. Wifi ni mwalimu na wanafunzi wake walikuwa kwenye mitihani. Mimi nashona sare za shule nyumbani, na cherehani, wifi akasema, haina bosi. Basi ikawa mimi. Mama mkwe angekuwa hai labda ningesalimika, lakini alikuwa ametangulia miaka sita nyuma.

Jumapili ile ya upasuaji tulikuwa bado hatujui kwamba kazi yenyewe ni hiyo. Tulijua tu kwamba mzee amelia tumbo siku mbili, limevimba, hapati choo, na kwamba madaktari wamemfungua.

Mjini kila mtu alimwita Mzee Koki. Miaka arobaini alikuwa ndiye anayeitwa koki ikikataa kufunga, sinki likirudisha maji, choo kikifurika siku ya wageni. Mtu aliyezibua vyoo vya nusu ya mji, lakini kwake nyumbani neno choo halikutamkwa. Ukitaka kwenda uani unasema "nakuja", unaondoka. Yeye mwenyewe alikohoa mara moja, akavaa koti lake, akatoka kama anayekwenda kuonana na mtu. Nilipokuwa na mimba, zote mbili, aliniangalia usoni tu miezi tisa, kama vile huko chini hakuna jambo lolote linaloendelea. Miaka kumi na moja nimeishi nyumba moja naye na sidhani kama tuliwahi kuzungumza dakika tano mfululizo. Hakunichukia, nisimsingizie marehemu. Alinisalimu asubuhi, akanisalimu jioni, na katikati akaniita "mama watoto".

Sasa mchukue mtu kama huyo umlaze kwenye wodi ya vitanda thelathini, wengine wawili wawili, umvalishe gauni lisilo na mgongo.

Jumatatu asubuhi daktari aliyempasua alikuja kutueleza. Mtu mfupi, mikono myepesi, hakai. Aligeuza fomu iliyokuwa mfukoni mwake akaanza kuchora nyuma yake, na mimi nikasogea kwa sababu ndiye niliyetakiwa kuelewa.

"Chakula kinaanzia hapa, mdomoni," alisema. "Meno yanasaga, mate yanalainisha na kuanza kazi ya kuvunjavunja. Unameza, kinashuka na njia hii, kinaingia tumboni. Humo kuna tindikali ambayo ukiimwaga mkononi itakuunguza, na misuli inakanda kama anayekanda unga, saa mbili, tatu, nne, mpaka kinakuwa uji. Halafu mlango wa chini unafunguka kidogo kidogo, kinaingia utumbo mwembamba. Nyongo inatoka kwenye ini kuja kushughulikia mafuta, kongosho linaleta maji yake, na kila kitu kinavunjwa vipande vidogo mno, vinapenya ukuta wa utumbo, vinaingia kwenye damu. Ndiyo nguvu zako hizo. Kilichobaki kinapita utumbo mpana, kinakamuliwa maji, na kinachobaki tena, mzee, unakijua mwenyewe."

Baba alikuwa amelala na mrija umepita puani kwenda tumboni, ncha ya pili imetumbukizwa kwenye chupa iliyoning'inia ubavuni mwa kitanda. Nilidhani hasikii. Kumbe anapiga hesabu.

"Urefu?" aliuliza.

"Huu mwembamba peke yake? Mita sita hivi."

"Kipenyo?"

"Kama inchi moja."

"Mita sita, bomba la inchi moja, na hizo kona zote." Alivuta pumzi. "Pampu iko wapi?"

Daktari alicheka. "Hakuna pampu, mzee wangu. Bomba lenyewe ndilo linalosukuma. Linabana nyuma ya chakula, linalegea mbele yake. Linabana, linalegea. Hata ukila huku umening'inizwa kichwa chini, kitafika tu."

"Bomba linalojisukuma lenyewe," alisema baba mkwe. Alitaka kucheka, kidonda kikamkataza. "Daktari, mimi nimefunga bomba miaka arobaini. Maji yanakwenda kwa pampu au yanakwenda kwa mteremko. Njia ya tatu sijaiona."

"Hii ndiyo ya tatu."

Halafu akaeleza yaliyompata. Kipande cha utumbo kilikuwa kimejisokota, damu ikashindwa kufika, kikafa. Alikikata, kama shubiri mbili, akaunganisha ncha kwa ncha. Hapo mzee alichangamka kabisa. Alitaka kujua kaunganisha kwa nini, uzi wa namna gani, mishono mingapi, kama ni tabaka moja au mawili. Daktari akamjibu moja baada ya jingine, fundi kwa fundi, na nilimpenda kwa hilo. Leo nikikumbuka natamani angemtisha.

"Sasa sikiliza," alisema mwishoni. "Utumbo ukishikwashikwa unapata mshtuko. Unalala. Hausukumi kitu. Siku tatu, nne, pengine tano. Mpaka uamke, huli na hunywi, hata maji. Dripu itakutunza, na mrija huu utatoa yanayojikusanya. Ukiamka tutajua."

"Mtajuaje?"

"Utatoa hewa. Kwa njia ya nyuma. Ukijamba tu, mzee, sisi tunashangilia."

Baba mkwe aligeuza uso ukutani. Mimi nilitazama sakafu, nikaona ina nyufa nyingi ambazo sikuwa nimeziona kabla.

Wodi ile ilikuwa na nesi mmoja wa zamu ya mchana, msichana mwenye miwani mikubwa na viatu vilivyokanyagwa visigino, na siku hizo alikuwa na wagonjwa arobaini na mmoja. Najua hesabu kwa sababu alikuwa anaitaja kila mtu akimwita. "Niko na arobaini na mmoja, jamani." Kila asubuhi alipita na faili na swali lake. Hakuwa na wakati wa kulizungushia maua. Alisimama miguuni pa kitanda akauliza kwa sauti ya kumfikia hata kiziwi, "Babu, umejamba?"

Jumanne baba mkwe alifumba macho akajifanya amelala. Nesi akanigeukia mimi. "Mama, amejamba?"

"Bado," nilisema, ingawa sikujua. Ningejuaje? Ndugu wa wagonjwa tulifukuzwa saa kumi na mbili jioni na kuruhusiwa kurudi saa kumi na mbili asubuhi. Na hata mchana, mtu ambaye hajawahi kupiga mwayo mbele yangu angewezaje kuniachia jambo kama hilo likiwa na sauti?

Jumatano ilikuwa siku ya dereva wa lori. Alilala kitanda cha pili, naye alipasuliwa Jumapili hiyo hiyo, mtu mnene, mcheshi, asiye na dogo. Kama saa nne asubuhi ulisikika mlio ambao ungedhani mtu anaburuta kabati. Halafu dereva akainua mkono juu kama aliyefunga goli, akapaza sauti, "Nesi! Njoo uandike!"

Wodi nzima ililipuka kwa kicheko, waliokuwa na mishono wakilia kwa maumivu huku wanacheka. Nesi alikuja akapiga makofi kweli. Alimwekea kipimo cha kusikilizia tumboni, akasikiliza kama dakika mbili akikihamisha huku na huku, akatikisa kichwa kukubali. Mchana dereva aliletewa bakuli la supu nyepesi. Alikunywa akifumba macho, na harufu ya ile supu ikatujia kitandani kwetu bila kuombwa.

"Mtu mzima hana haya," alisema baba mkwe.

Lakini aliitazama supu. Aliitazama kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likaisha. Mimi kazi yangu ilikuwa kulowesha pamba na kumpitishia midomoni, kwa sababu ilikuwa imekauka na kupasuka. Siku ile aliishika ile pamba kwa meno, akainyonya. Mzee Koki, aliyekuwa akila mezani na leso imekunjwa pajani. Nilimwachia ainyonye, nikatazama pembeni.

Alhamisi nilipofika alikuwa macho, amejikokota mwenyewe akakaa karibu wima, mto mgongoni. Chupa iliyoning'inia ilikuwa imejaa hadi nusu, majimaji ya kijani. Tumbo lake chini ya shuka lilikuwa limesimama. Niliviona vyote viwili. Nataka hilo lijulikane, kwamba niliviona.

"Mwanangu," alisema.

Niligeuka kuangalia kama mume wangu amekuja. Hakukuwa na mtu. Alikuwa ananiita mimi.

"Mwanangu, huyo msichana akija na maswali yake, mwambie tayari."

"Tayari, baba?"

"Tayari."

Alinitazama machoni, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra kama mvua ya kiangazi. Nilipaswa kusema, baba, ni kweli? Maneno matatu. Yalinijia mdomoni, yakasimama. Kumuuliza mara ya pili ni kumwambia yeye ni mwongo, na kumwambia juu ya jambo hilo hasa. Nikajiambia, labda ni usiku. Usiku sikuwepo. Mtu anaweza kutoa hewa usiku watu wamelala, tena mtu wa staha kama yeye angechagua wakati huo huo. Nilijijengea hoja yangu tofali kwa tofali na ilipendeza.

Nesi akaja. "Babu, vipi leo? Umejamba?"

Baba mkwe akanitazama mimi.

"Ndiyo," nikasema. "Alfajiri."

"Hongera, babu!" Kalamu ilikuwa tayari inaandika. Akaangaza macho pande zote mbili za wodi, akashika kipimo kilichoning'inia shingoni mwake, na papo hapo mtu wa kitanda cha mlangoni akaanza kutapika damu. Nesi akaondoka mbio. Aliporudi baada ya saa nzima, jasho likimtoka, hakukumbuka kipimo. Alikumbuka mrija. Aliuvuta puani taratibu, akafunga ile chupa, akasema aanze na maji, akivumilia apewe supu, jioni uji mwepesi. Daktari mpasuaji alikuwa chumba cha upasuaji tangu asubuhi na watu wa ajali. Hakupita siku ile.

Baba mkwe alikunywa maji. Vijiko vitano, halafu kikombe. Akasubiri akiwa ameinua kidole, anasikiliza mwilini mwake kama aliyefungulia maji kwenye nyumba mpya na sasa anapita chumba kwa chumba kutafuta unyevu. Hakuna kilichotokea. Akatabasamu.

Nilimletea supu kutoka jiko la hospitali. Nikamlisha mwenyewe kwa sababu mikono yake haikuwa na nguvu. Na hapo, kati ya kijiko na kijiko, mdomo wake ukafunguka kwa maneno pia. Alinisimulia jinsi alivyofunga bomba lake la kwanza peke yake, akiwa na miaka kumi na saba, akasahau kuzungushia katani kwenye kiungo ili kisivuje, maji yakamrukia usoni mbele ya mwenye nyumba. Aliniambia mume wangu ni fundi mzuri lakini ana haraka. Aliniambia sare ninazoshona zina mishono iliyonyooka, amekuwa akiziangalia kwenye kamba siku zote. Miaka kumi na moja! Nilikaa pale na bakuli kama mtoto anayesifiwa shuleni.

"Unajua, mwanangu," alisema, "huyu daktari ni fundi, lakini anaogopa kazi yake. Kiungo hakipimwi kwa kukiangalia. Unafungulia maji, unaona. Ukikaa kungoja kiungo kikuambie kimeshika, utazeeka hapo hapo."

Nilirudisha kijiko kwenye bakuli. "Kwa hiyo, baba, alfajiri..."

"Na hiyo habari ya bomba kujisukuma," aliendelea, kama hakunisikia, "hiyo ya kuwaambia watoto. Nikikaa wima namna hii, maji yana pa kwenda? Ni chini tu."

Hapo nilijua. Hakuna labda tena, hakuna usiku. Bakuli lilikuwa mkononi mwangu, supu imebaki nusu, na nesi alikuwa hatua ishirini kutoka nilipokaa. Ningeinuka ningemfikia kabla supu haijapoa. Lakini ningemwambia nini, mbele ya dereva wa lori na wengine wote wenye masikio? Kwamba baba mkwe wangu amesema uongo na mimi nimeusema kwa niaba yake? Baba angeniangalia vipi tena? Alikuwa ameniita mwanangu mara tatu tangu asubuhi.

Nikampa nusu iliyobaki. Jioni, kabla ya kufukuzwa, nikampa uji.

Ijumaa nilimkuta na kwikwi. Alisema ilimwanza usiku. Kila ikimshika, mwili wote ulirukaruka na alikamata kidonda kwa mikono miwili. Tumbo lilikuwa limekaza hivi kwamba shuka halikutulia juu yake, liliteleza. Nilimuuliza kama nimwite nesi.

"Kwa kwikwi? Usinitie aibu."

Nikangoja. Nilingoja mpaka saa saba mchana, na kama kuna saa ambazo ningeomba nirudishiwe ni hizo. Kisha uso wake ukabadilika rangi, nikaacha heshima zote nikakimbia kumwita nesi. Alikuja, akaweka kipimo tumboni, na safari hii alisikiliza. Alihamisha, akasikiliza tena. 

"Hamna kitu," alisema. "Kimya kabisa. Mama, huyu alijamba kweli?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Baba mkwe alitapika. Sijawahi kuona kitu kile kabla, na nimelea watoto wawili. Kilitoka bila kujikaza, kama tangi lililopasuka, kijani na kahawia, na ndani yake uji niliomlisha jana yake jioni, ukiwa uji vile vile. Haukuwa umekwenda popote. Mita sita za bomba na haukupita hata mlango wa kwanza. Alikuwa amekaa wima kama alivyotaka, akiwa amechoka, kichwa kikamwangukia nyuma, na kile kilichobaki kooni akakivuta kwa pumzi. Nilisikia kikiingia. Ulikuwa mlio mdogo tu.

Walimgeuza, wakamnyonya kwa mashine, wakamrudishia mrija, chupa ikajaa, ikabadilishwa, ikajaa. Daktari akaja mbio akiwa na mabuti ya mpira. Aliogopa mshono umeachia, akamrudisha chumba cha upasuaji jioni ile ile. Mume wangu alikuwa amefika, na vumbi la saruji kwenye nywele. Tulikaa kwenye benchi lile lile. Wifi alikuja na madaftari ya kusahihisha na hakufungua hata moja.

Daktari alitoka akavua kofia. "Kiungo kizima," alisema. "Hakijavuja hata tone. Tatizo ni mapafu. Alichovuta ni tindikali na chakula, na mapafu hayana pa kukipeleka."

Jumamosi jioni alizinduka kidogo, na kinyago cha hewa usoni. Daktari aliinama karibu na sikio lake akamwambia habari ya kiungo, nadhani alifikiri itamfariji. Baba mkwe alisogeza kinyago kwa kidole.

"Sasa maji yalikwama wapi?" aliuliza.

"Bomba lilikuwa limelala, mzee."

Alifumba macho, bila kukubali, kama fundi anayebishana na mwenye nyumba na ameamua kunyamaza. Akafa Jumapili asubuhi, siku ya saba tangu apasuliwe.

Tulimzika. Mafundi bomba wa mji mzima walikuja, mmoja akalia kwa sauti mpaka akashikwa. Mimi nilipika, nikaosha vyombo, nikapokea pole, na kila aliponiambia mtu kwamba nimemuuguza vizuri mzee wetu, nilisema asante nikarudi kwenye sufuria. Sikulala. Mume wangu alidhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni pia.

Wiki mbili baadaye wifi alipata nakala ya faili. Yeye si mtu wa kushindwa na karatasi. Alituwekea mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa Alhamisi. Iliandikwa: amepata hewa alfajiri, mrija umetolewa, ameanza kunywa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba tumbo lilisikilizwa.

"Huyu msichana amemuua baba," alisema. "Kaandika tu kutoka kichwani mwake. Nimeshapeleka malalamiko. Wamemsimamisha kazi, na Jumanne metroni, mkuu wa manesi, anatuita sote."

Mume wangu alipiga meza. "Afadhali."

Siku nne nilikaa kimya, nikashona sare kumi na mbili na kufumua saba.

Ofisi ya metroni ilikuwa na meza, viti vitano na dirisha lisilofunguka. Nesi alikuwa amekaa ukutani, bila sare, na bila sare alionekana hajafika hata miaka ishirini na mitano. Hakutuangalia. Metroni, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alisoma malalamiko, akasoma faili, akamuuliza nesi maelezo ya kutoa hewa aliyapata kwa nani.

"Kwa anayemuuguza," alisema nesi.

"Muongo!" wifi alisema. "Mbona hukuandika?"

Metroni akanigeukia mimi. "Mama, ni wewe uliyekuwa unauguza?"

"Ni mimi."

"Ulimwambia nesi kwamba mgonjwa ametoa hewa?"

Nilisikia mume wangu akijiweka sawa kwenye kiti. Alikuwa na uhakika wa jibu langu, maskini.

"Nilimwambia," nikasema. "Na haikuwa kweli. Baba aliniambia niseme hivyo. Sikusikia kitu, na sikumuuliza. Mchana nikajua kwa maneno yake mwenyewe kwamba hakutoa, na bado nikamlisha."

Wifi akakusanya karatasi zake moja moja, akazigongesha mezani zikae sawa, akatoka bila kufunga mlango. Mpaka leo akija nyumbani anasalimia watoto tu.

Nilitegemea nesi atalia, au atanitukana, na ningempa haki. Alivua miwani akaifuta na ncha ya blauzi. "Ningesikiliza ningejua," alisema, si kwangu, kwa metroni. "Dakika mbili tu. Nilishika kipimo mkononi kabisa." Metroni aliandika hilo pia. Hakurudishwa kazini mwezi ule. Kama alirudishwa baadaye sijui, sijathubutu kwenda kuuliza.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mume wangu na mimi. Alitembea upande wa barabara, mimi upande wa ukuta. Nilikuwa tayari kwa lolote. Akinifukuza ningeondoka, nilishajua hata nguo gani ningechukua.

Tulipofika kwenye duka la vifaa vya bomba, mwenye duka alitoka kumpa pole, akampa mkono, akasema mzee alikuwa mtu wa heshima zake. Mume wangu akaitikia. Tukaendelea.

"Kwa nini hukunipigia simu?" alisema mwishowe. Sauti yake haikuwa na hasira na hilo lilinitisha zaidi. "Mimi ni mwanawe. Ungenipigia nije nimuulize mimi."

"Ungemuuliza?"

Tulivuka barabara, tukapita shule, tukapita kituo cha maji. Kwenye lango letu alishika komeo, akasimama hapo, mgongo kwangu, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Hapana," alisema. "Nisingemuuliza."